Mengineyo

Mimi ndiye karani, na wino wangu umeganda.
Tartu, mwezi wa pili, chumba cha chini cha maktaba,
nje nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Waliohudhuria: kumi na mmoja.
Asiyehudhuria, tena bila udhuru: kipasha joto.

Yatokanayo yalitula saa nzima.
Ubaoni mabano ndani ya mabano ndani ya mabano,
kama vikapu vya mtu anayehama asijue aache nini,
na Aivo Lepasaar akasema, "Hili liko wazi,"
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu
asiamshe watoto.
Tukatikisa vichwa.
Nikaandika: Imeeleweka.

Lugha yetu inaitwa Kask. Haina neno la mkate.
Hakuna aliyebembelezwa kwayo,
hakuna atakayeitumia kuomba radhi.
Sahau nukta-mkato moja tu,
itakujibu kwa mstari mwekundu, hata salamu hamna.
Na bado tunaipenda. Tunaikosea usiku kucha
na asubuhi tunairudia, macho yamevimba.

Ndipo tukafika Mengineyo,
kipengele cha watu waliokwisha kuvaa makoti.
Leelo Kivirand hakuvaa lake.
Alikuwa na karatasi iliyokunjwa hadi ikawa kama stempu.
Aliikunjua huku sisi tukitafuta glavu.

"Naomba liundwe kundi la pili," akasoma.
"Jumatano, mgahawa wa stesheni, meza ya dirishani.
Mtu aje na programu iliyomshinda,
hata ikiwa mistari mitatu.
Asianze kwa kusema: najua hili ni swali la kijinga.
Na anayejua jibu
ahesabu kwanza hadi ishirini."

Aivo alitabasamu. "Tuko kumi na mmoja.
Gawa kwa mbili, unabaki na nusu mtu."
Tulicheka. Mimi pia nilicheka, kumbukumbu haionyeshi.
"Halafu hilo kundi la nani? Hapa kila mtu anaelewa.
Karani, hebu fungua daftari."

Nikafungua.
Imeeleweka. Imeeleweka. Imeeleweka.
Miaka miwili ya mwandiko wangu,
umenyooka, unapendeza,
hata doa la machozi halina.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyosema sote,
hasa tukiwa si sisi wa kuuliza.

Urmas alikuwa mlangoni na trei yake tupu.
Ni yeye aletaye maandazi ya krimu kila Februari,
na kwa miaka hiyo miwili
neno lake pekee kikaoni limekuwa "karibuni."
"Kujirejea," akasema.
Tukageuka.
"Ile funksheni inayojiita yenyewe.
Inajiita, sawa.
Sasa nani anaitika?"

Hapakuwa na kicheko.
Aivo akafungua kinywa,
na Leelo akainua kidole kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu.
Vidole vilipokwisha akaanza upya.
Sijawahi kusikia ishirini ikiwa ndefu hivyo.
Mabomba yaligugumia ukutani.
Mtu alijikuna ndevu.
Kwenye kumi na nne Aivo akashika dasta,
akafuta bano la nje kabisa, kisha la ndani yake,
akabaki anautazama ubao
chaki ikimchafua mkono wa koti.
Ishirini ilipita. Hakusema kitu.
"Ngoja," akasema baadaye. "Ngoja kidogo."

Mlinzi alikuja kuzima taa kabla hatujahesabu kura vizuri.
Mikono minane, au tisa; kwenye glavu nyeusi gizani
mtu hawezi kuapa.
Nimeandika: Hoja imepita.

Kisha, nikisubiri basi,
nimerudi nyuma hadi kikao cha Novemba,
nikaikata Imeeleweka moja kwa mstari,
mstari wenyewe umepinda kwa baridi.
Nitaanza na hiyo, Jumatano.